Jibu la Kwanza Ni Amahoro

Msimu huu wa maharage binti yangu amebeba kapu. Halikuwa kapu kubwa, ni lile la kuchumia, na maharage yalikuwa bado kwenye maganda, kwa hiyo nisiukuze uzito wake. Lakini alilibeba kichwani kutoka shamba la bondeni mpaka nyumbani kwetu Mwakiro, mkoani Muyinga, akapanda kilima bila kuketi, na alipofika akalitua, akaomba maji kama mtoto yeyote. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianzia mbali nitachelewa kulifikia, na mimi si mtu wa kujua lipi litangulie. Shule niliiachia darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tuliporudi Burundi. Naandika kama ninavyosema. Anayesoma anivumilie.

Anaumwa selimundu. Kule nilikokulia ndivyo walivyoiita. Hapa hospitalini wanasema drepano. Ni ugonjwa wa damu. Chembe zake, badala ya kuwa za mviringo, zinajikunja kama mundu wa kukatia majani, zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zinapokwama mtoto analia. Baridi inauamsha ugonjwa, kiu inauamsha, mbio zinauamsha. Alizaliwa nao, nusu kutoka kwangu na nusu kutoka kwa baba yake. Daktari wa Gitega alilisema hilo mbele yetu wote wawili, akalirudia, na ninamshukuru, maana kabla ya siku ile ni nusu yangu tu iliyokuwa ikitajwa kwa wakwe.

Habari za utafiti tuliambiwa hospitalini Muyinga: nendeni Gitega, kuna madaktari wanatafuta watoto wenye ugonjwa huu. Tulikwenda sote watatu. Mume wangu si mtu wa kuzungushwa. Aliuliza, "Mnataka kujaribia dawa kwa mtoto wangu?"

Daktari, kijana bado, mtu wa Bujumbura, hakukwepa. Alisema ndiyo. Alisema dawa yenyewe inajulikana, imetumika miaka mingi nchi nyingine. Kisichojulikana ni kipimo gani kinawafaa watoto wa huku, wenye malaria yetu na chakula chetu. Wote wangeanza na kipimo kidogo. Ambaye angeendelea kuumwa, damu yake ikikubali, angepandishiwa. "Na siku yoyote mukitaka kumutoa, munamutoa," alisema. "Hatutawanunia."

Mume wangu aliweka sahihi. Nalisema hili mapema ili asionekane mbaya huko mbele.

Basi tukawa watu wa kwenda Gitega. Mafuta yalikuwa ya shida, magari ya kubahatisha, kwa hiyo sisi wa Muyinga tulikuwa tunatoka siku moja kabla na kulala Nyamugari, mtaa wa hapo Gitega, kwenye nyumba ya bibi mmoja Mwislamu anayepangisha vyumba kwa watu wenye wagonjwa. Hapo ndipo nilipozoeana na mama mmoja wa Buhinyuza, mwenye mtoto wa kiume wa umri kama wa binti yangu. Naye alikulia Tanzania, kambi nyingine. Ana mdomo mwepesi, mimi nina mdomo mzito, tukafaana.

Asubuhi tunakaa kwenye benchi la hospitali, ukutani, upande wa jua. Kwenye benchi lile tulisimuliana yote. Nani alivimba vidole, nani macho yaligeuka manjano, nani alibebwa mgongoni kwenda kituo cha afya mvua ikinyesha. Halafu jina linaitwa, unaingia. Nesi wa utafiti, dada wa hapo hapo Nyamugari, mtu wa tabasamu, ameshika kalamu.

"Amahoro, mama?"

"Ni amahoro."

"Mtoto habari yake tangu mara ya mwisho? Iko amahoro?"

"Ni amahoro, tunashukuru."

Kalamu inaandika. Mtoto anapimwa uzito, anatolewa damu kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, anapewa uji, tunapewa nauli na vidonge, tunaondoka.

Mtu asiye wa huku atashangaa. Ataona tulikuwa tunadanganya. Sivyo. Kwetu mtu akikuuliza amahoro, yaani kama kuna amani, unajibu amahoro, hata kama umetoka kuzika. Hata kule Tanzania mgonjwa kitandani anaulizwa hujambo, anajibu sijambo. Jibu la kwanza ni la heshima, ni la kumfungulia mwenzako mlango. Ya moyoni yanakuja baadaye, mkishakaa, akikuuliza tena kwa sauti ya chini. Tatizo ni kwamba pale hospitalini baadaye haikuwepo. Nesi alikuwa na watoto wengi wa kuwaona, akipata jibu anahamia swali lingine. Na swali lake lilifanana na salamu kiasi kwamba mimi kweli sikujua kama nimeshaulizwa.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Watu hawa wametupa dawa, nauli, uji wenye sukari. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba dawa yake haijasaidia ni kama kukaribishwa pombe ya ndizi, ukanyonya mrija mara moja, ukatangaza mbele ya wageni kwamba imechacha. Nani anafanya hivyo?

Na siku ya kliniki mtoto huwa anaonekana mzima. Akiwa anaumwa hasafiri.

Kwa hiyo daktari alikuwa akimtazama binti yangu, anatazama karatasi, anafurahi. "Anaendelea vizuri. Tumuache kwa kipimo hiki hiki." Nami natoka nimefurahi kwa sababu yeye amefurahi, na njia nzima ya kurudi nina uzito kifuani ambao siujui jina. Nilidhani labda ndivyo dawa inavyofanya kazi, polepole. Nilidhani labda wao wanaona kitu kwenye damu ambacho mimi sioni. Mtu wa darasa la sita anayo mengi ya kudhani.

Nyumbani, lakini, mume wangu alikuwa anaona kinachoonekana. Mtoto anaanguka kwa maumivu vile vile. Mvua za masika zilipoanza aliumwa miguu mpaka akawa haruhusu shuka imguse. Alipopata nafuu baba yake aliniita uani.

"Mama watoto," alisema, "mimi sikatai dawa. Lakini kila ukienda Gitega palizi inasimama, na mtoto anachomwa sindano, na ugonjwa uko pale pale. Tungoje mpaka tuvune maharage. Kama bado anaanguka, tunamtoa. Walisema tunaruhusiwa."

Walisema kweli tunaruhusiwa. Na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mtoto mgongoni mpaka kituo cha afya, si mimi. Nililala na neno hilo moyoni: mpaka tuvune maharage. Nilijua akitolewa hakuna mahali pengine pa kumpeleka. Kabla ya Gitega tulikuwa na panadoli na kitambaa cha maji ya moto, basi.

Kliniki iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha na umeme ulikuwa umekatika. Tulikuwa tumeshaingia na kusema amahoro zetu, tukarudi kwenye benchi kungoja daktari. Chumba cha nesi kilikuwa giza, naye akatoka, akavua koti jeupe akalitundika mlangoni, akaja kukaa nasi na andazi lake mkononi. Bila koti alikuwa dada tu. Mwenzangu wa Buhinyuza alikuwa katikati ya hadithi, hakuikata. Alikunja mkono wa nguo yake kunionyesha alama ya meno, nyekundu bado.

Nesi akainama kuangalia. "Ni mbwa?"

"Mbwa gani? Ni huyu hapa," akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Maumivu yalipomkamata alitafuta kitu cha kung'ata, akaupata mkono wangu."

"Lini?"

"Si juzi juzi tu, kabla ya kuja."

Nesi aliacha kutafuna. "Juzi? Mama, si saa hii tu umeniambia iko amahoro?"

"Nimekuambia, ndiyo. Umenisalimia, nikakujibu. Ulitaka nikutukane?"

"Mi niliuliza habari ya mtoto."

"Ndiyo, na watu huulizana habari za watoto. Ukiniuliza habari za mume wangu nitakuambia hajambo, na ana ngiri huyo."

Benchi zima lilicheka. Nesi naye alicheka, kisha kicheko kikamtoka usoni, akanigeukia. "Na we, mama?"

Nilitazama chini. Binti yangu ndiye aliyejibu, amekaa katikati yetu na kikombe cha uji. "Mimi nililia mpaka majirani wakaja na taa wakidhani ni wezi."

Nesi aliliweka andazi magotini. Halafu akasema kama anajisemea mwenyewe, "Bon, haya. Na mi niko mjinga kabisa. Kwa mama mkwe wangu jino lilikuwa linanitoa roho, ananiuliza amahoro, mi najibu ni amahoro, shavu iko hivi." Akaonyesha kwa kiganja ukubwa wa shavu. "Mi ni mtu wa hapa hapa, ningepaswa kujua."

Sikubali kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Lakini pia siwezi kusema lilikuwa letu peke yetu. Kila mtu alifanya kile alicholelewa kufanya: sisi tulijibu salamu, yeye aliandika jibu.

"Dogiteri lazima ajue," alisema. "Lakini mi siwezi kusema kwa mudomo wenu. Ataniuliza, we uliona? Mi sikuona kitu. Mutasema nyinyi."

Tukatazamana.

"Sema wewe," mwenzangu aliniambia. "Wewe umesoma."

"Darasa la sita."

"Mimi la pili. Inuka."

Nataka kuandika kwamba niliinuka kwa ujasiri, lakini mwenzangu ndiye aliyenisukuma. Nilifikiri watatufukuza kwa kuwaharibia kazi. Nikafikiri, nikinyamaza maharage yataiva na mtoto atatolewa. Nikiongea huenda akatolewa leo leo. Kati ya hizo mbili sikuona iliyo afadhali, ila ya kwanza nilikuwa nimeshaijaribu.

Tulipoingia kwake, daktari aliinua kichwa. "Amahoro, wamama?"

"Ni amahoro, dogiteri," tulijibu pamoja, kama wanafunzi.

Akachukua kalamu.

"Dogiteri," nikasema, "hiyo ilikuwa salamu. Ugonjwa bado hatujausema."

Kalamu ikabaki hewani. "Ugonjwa gani?"

Nikasema. Nilianzia mvua za kwanza, nikarudi nyuma mpaka kiangazi, miguu, shuka, vidole vilivyovimba kama ndizi, majirani na taa. Mwenzangu akakunja tena mkono wa nguo. Nesi alisimama mlangoni bila koti lake, akitafsiri kwa Kifaransa pale Kiswahili changu kilipomzidi daktari kasi. Nilipomaliza nilingoja anikemee.

Hakukemea. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Bibi yangu alikufa akisema amahoro," alisema. "Sisi wote tulikuwa kando ya kitanda." Halafu akasema jambo ambalo nimelishika mpaka leo, ingawa sina hakika kama nayashika maneno yake yenyewe. Alisema, "Mukiniambia dawa yangu haisaidii, hamujanitukana. Ni hiyo kazi niliwaitia. Mukinificha, nitaandika kwamba kipimo kidogo kinatosha, na watoto wa nchi nzima watapewa kidogo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba halikuwa jambo la binti yangu peke yake. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile nikidhani mimi napokea tu.

Siku hiyo hiyo walibadilisha utaratibu. Nesi angetoka nje, akae nasi bila koti, tusalimiane mpaka salamu ziishe: mvua, ng'ombe, wakwe, bei ya mafuta. Kisha tungeingia ndani, avae koti, afunge mlango, na aulize upya. Na asiulize habari. Aulize vitu: siku zipi hakwenda shule, nani alimbeba, alikula nini alipokuwa anaumwa, alilala upande gani. Mama mmoja mzee kidogo alinung'unika kwamba sasa tutachelewa gari. Ni kweli, tulichelewa gari mara nyingi tangu hapo.

Damu ya binti yangu ilikwenda kwenye mashine, na umeme uliporudi, majibu yakatoka. Damu ilikubali. Akapandishiwa kipimo.

Mume wangu alipoona vidonge vimeongezeka alisema, "Kwa hiyo tulikuwa tunampa nusu ya dawa kwa sababu ya adabu yako?"

"Adabu yangu na yako. Wewe ungejibuje?"

Alifikiri. Ni mtu wa haki. "Ningejibu amahoro," akasema.

Haikunyooka kama barabara. Kabla ya maharage kukauka, wakati wa kipimo cha damu, walikuta chembe nyeupe zimeshuka. Dawa ikasimamishwa kwanza. Siku zile mtoto akapata homa, na mimi kwa mara ya kwanza nikampigia simu nesi kule Gitega. Zamani nisingepiga. Ningesema, nani ampigie mtu mkubwa kumpelekea mabaya?

"Amahoro, dada? Umeamkaje? Mama mkwe hajambo?"

"Ni amahoro, mama, hajambo."

"Haya. Salamu zimeisha. Sasa naingia ndani, nafunga mlango."

Nilimsikia akicheka, halafu sauti ikawa ya kazi. Aliniambia nimpeleke kituo cha afya leo leo, nisingoje kesho, na nirudishe jibu. Ilikuwa malaria, ikatibiwa. Chembe zikapanda tena, dawa ikaanza tena, chini kidogo ya pale ilipokuwa imefika. Daktari akasema hapo ndipo mahali pake. Kila mtoto ana mahali pake, alisema.

Kisha ukaja ule wakati wa baridi, mvua zimekatika, asubuhi ukungu umejaa bondeni. Ndio wakati wake wa kuanguka, kila mwaka. Kila kulipokucha nilikuwa naishika mikono yake kabla sijawasha moto. Vidole vilikuwa vyembamba. Niliyatazama macho yake, meupe. Nikawa siamini, nikawa naogopa hata kufurahi, nisije nikaikaribisha shari. Na maharage yakaiva.

Siku ya kuvuna nilimwacha akae kivulini. Hakukaa. Alichukua kapu la kuchumia, akaingia mistarini na wenzake, na lilipojaa akalipandisha kichwani kabla sijafungua mdomo. Nilitaka kumkimbilia. Mume wangu, aliyekuwa ng'ambo ya shamba, aliinua mkono kunizuia. Tukasimama tukimtazama akipanda kilima, nguo yake ya njano ikipungua, mpaka akapotea nyuma ya migomba. Siku ile ndiyo ilikuwa mwisho wa muda alioweka mume wangu, na wote wawili tulijua. Jioni, tukiwa tunapepeta, alisema tu, "Kesho usimpe kapu kubwa kuliko lile." Hivyo ndivyo alivyoamua.

Sasa, nisimpunje mtu. Sisemi dawa imemponya. Ugonjwa anao na atakuwa nao. Siku nilipotaka kusema amepona daktari alinikatalia. Alisema mtoto mmoja si ushahidi, ndiyo maana wamewachukua wengi, na bado wanahesabu. Mtoto wa mwenzangu wa Buhinyuza hakupata kama wangu. Damu yake iligoma kupandishiwa, amebaki na kipimo cha chini, na bado huumwa, ingawa mama yake anasema siku hizi hang'ati. Ninapofurahi namkumbuka yule. Naye amenikataza: "Furahi wewe, mwenzangu. Ukinuna, mwanangu atapona?"

Kwa hiyo nafurahi.

Majuzi tulikuwa Gitega tena. Tulisalimiana nje mpaka tukamaliza habari za ng'ombe, kisha tukaingia, nesi akavaa koti, akafunga mlango.

"Tangu mara ya mwisho, siku ngapi hakuenda shule?"

"Hakuna."

"Nani alimubeba?"

"Hajabebwa."

Akanitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuumwa jino nyumbani kwa mama mkwe. "Mama. Mulango umefungwa."

"Nimeuona."

Hakuniamini. Akamgeukia binti yangu. "We niambie. Kuna mahali panauma?"

"Pako," akasema. "Goti."

Nesi alisogeza kiti, akapiga magoti mbele yake, akapandisha sketi ya shule. Kwenye goti kulikuwa na gamba la kidonda, la mviringo, limekauka na kuanza kubanduka pembeni.

"Hii ni nini?"

"Nilianguka."

"Ukifanya nini?"

Binti yangu alinitazama kwanza, maana alijua jambo hili sijaambiwa. "Tulikuwa tunashindana kukimbia," alisema. "Mpaka kwenye bomba la maji na kurudi."

Nesi alibaki amepiga magoti, ameshika goti lile kwa mikono miwili. Daktari akaitwa. Naye akainama, akaligusa gamba kwa kidole, akauliza nani alishinda. Alikuwa wa pili kutoka mwisho, na alilisema kwa fahari kubwa. Nikataka kumkemea, mbio amekatazwa, na daktari kweli alimwambia apumzike kila akichoka na anywe maji kabla na baada. Lakini alikuwa anatabasamu alipokuwa anamwonya, na onyo la namna hiyo halikai.

"Niandike?" nesi aliuliza.

"Kila kinachouma," daktari akasema. "Andika."

Akaandika. Niliona kalamu ikitembea polepole, kama inaandika jina la mtu.

Nyumbani mume wangu alikuwa anatungoja njiani, mahali gari linaposhusha. "Amahoro?" aliuliza.

"Ni amahoro," nikasema. Akangoja. Siku hizi anangoja. "Ila ana kidonda."

Uso wake ulibadilika, akachuchumaa hapo hapo barabarani, akakitafuta. Alipokipata alilitazama muda mrefu, gamba lile dogo, chafu, kama la mtoto wa mtu mwingine yeyote. Kisha akatema mate kwenye kidole gumba, akafuta vumbi pembeni yake taratibu, akamwambia mwanawe asilibandue, liachwe lidondoke lenyewe.